Baskeli kutoka Chake mpaka Makangale msimu wa vuli: hali ya hewa ikigeuka baada ya Konde, mnafanyaje?

Kijana_wa_Machomane aliuliza:

Assalaam alaykum wana jamvi.

Nawauliza wale wanaoijua njia ya kaskazini ya Pemba kwa baskeli, wanaoijua kwa miguu yao na pumzi zao. Mie nakaa Machomane, Chake. Bibi yangu mzaa mama yuko Makangale, ukishauvuka msitu wa Ngezi, na huwa namwendea kwa baskeli. Gari za Konde zipo, lakini kutoka Konde kwenda kwake unaweza kusubiri mpaka ukachoka. Halafu ile njia naipenda. Ukishaipita Gombani ukaanza kupanda na kushuka kuelekea Ole, msimu huu wa karafuu unaisikia harufu kabla hujaiona nyumba yenyewe. Baskeli yangu ni Phoenix ya marehemu babu, ile ya breki za vyuma, keria yake inabeba gunia bila kulalamika. Haina gia. Mlima ukiwa mkali nashuka nakokota.

Safari ya juzi nilibeba mchele, sukari, sabuni na dawa za presha za bibi za mwezi mzima. Dawa nilizitia kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, nikaifunga juu ya gunia kwa ukanda wa tyubu. Nilitoka saa tatu asubuhi kwa sababu nilisubiri duka la dawa lifunguliwe. Mbingu nyeupe, upepo hakuna kabisa. Mpaka Mzambarauni Takao jua linachoma, na kila nyumba imeanika karafuu: majamvi uani, majamvi kwenye uwanja wa msikiti, mengine yameletwa mpaka ukingoni mwa lami. Hakuna hata mtu mmoja aliyenitajia mvua, na nilisimama kuamkiana na wengi.

Konde nimefika, nikasali adhuhuri, nikanywa chai na mkate wa kumimina, nikaondoka. Sijafika mbali nikaona watu wanakimbia. Wanawake, watoto wa chuo cha Kurani, wazee, wote wanaanua karafuu. Juu yetu jua bado lipo, ila upande wa magharibi, kule baharini, wingu limesimama jeusi tangu chini. Kulikuwa na mama mmoja na watoto wake wadogo wawili wanalivuta jamvi kubwa na haliwafuati. Nikaegesha baskeli nikashika pembe. Tumeingiza jamvi la mwisho na matone yale makubwa yashaanza kupiga bati. Wakanikaribisha barazani nikakaa mpaka ikatulia, nikaaga.

Ya pili ndiyo iliyokuwa mvua. Ilinikuta nimeshayapita mashamba ya miti ya mpira, pana mteremko pale, na ilikuja na upepo wa mbele hata kufungua macho taabu. Nikabana breki, baskeli haisikii. Nikabana kwa nguvu zangu zote, rimu inateleza tu na gunia linanisukuma kwa nyuma. Niliitoa barabarani nikaiingiza kwenye majani ya pembeni, ikasimama. Hapo hapo ukapiga umeme upande wa mashamba, mwanga na mlio kwa pamoja, nikahisi kifuani. Kutoka hapo nilikokota. Ndani ya msitu kiza kilikuwa kimeshaingia wakati nje bado mchana, tope jekundu likajaa baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nikawa nalichokoa kwa kijiti, hatua chache, nachokoa tena. Matawi yameanguka njiani. Nimefika kwa bibi magharibi imeshaadhiniwa, nimerowa chapachapa, natetemeka, na nchi yetu hii tunasema haina baridi. Dawa zilikuwa kavu. Mchele nusu yake ulirowa.

Sasa suala langu. Skuli zikifungwa mdogo wangu wa miaka 13 anataka twende pamoja, yeye na baskeli yake. Mama amekubali kwa sharti moja: nimweleze kinagaubaga nitafanya nini hali ikiharibika njiani, na kama maelezo hayamridhishi, mtoto haendi. Kwa hiyo nataka maelezo ya kweli. Mpaka wapi mtu anaendelea, na wapi anasema basi, nalala hapa? Breki za vyuma zikirowa kuna la kufanya? Na radi, ukiwa katikati ya minazi na mikarafuu, unajificha wapi na mtoto? Tafadhali wale wa kusema "pandeni gari", nimewasikia. Huyu mtoto anataka kuijua nchi yake akiwa juu ya baskeli, na mie nataka aijue hivyo.

Mchuuzi_Tumbe akajibu:

Waalaykum salaam mwanangu. Mie nimechukua samaki kutoka mnada wa Tumbe mpaka Chake kwa baskeli tangu kijana, tenga nyuma, masika na vuli. Samaki hasubiri mvua ikatike, kwa hiyo haya nakwambia ni ya mtu aliyelazimika.

La kwanza, saa. Wewe ulipotoka Chake saa tatu, siku ilikuwa imeshakwenda. Vuli hii mvua nyingi za huku kwetu zinajikusanya mchana. Asubuhi kweupe, adhuhuri mawingu yanapanda, alasiri linamwagika. Toka baada ya sala ya alfajiri, mambo ya duka la dawa yamalize jana yake. Mtoto wa miaka 13 na milima ile mhesabie mwendo wa taratibu na mapumziko, lakini Konde uwe umefika kabla ya saa tano. Ukiingia Konde baada ya saa saba, usiangalie hata mbingu inasemaje. Lala Konde.

La pili, ulishaonyeshwa dalili na uliiona mwenyewe. Watu wanaoanika karafuu wana hasara kubwa mbele yao kuliko yako, kwa hiyo wanatazama mbingu kwa makini zaidi yako. Karafuu ikirowa kabla haijakauka inaumuka, inapoteza rangi, na ukiipeleka kituo cha kununulia karafuu inashushwa daraja. Mtu aliyelipa wachumaji kwa pishi hawezi kukubali hilo. Akianua, na wewe simama. Usisubiri tone. Na ukisimama, saidia, kama ulivyofanya. Aliyesaidia kuanua hakai kwenye baraza ya mtu kwa haya, anakaa kama mwenyeji.

La tatu, mabonde ya mpunga. Hujayataja lakini mie ndiyo ninayoyaogopa kuliko radi. Mvua kubwa ikipiga juu, maji yanashuka bondeni kwa ghafla na yanapita juu ya barabara. Maji mekundu, huoni chini kuna nini. Kama huoni ukingo wa lami, usivuke na mtoto. Kaa upande huo huo ulipo mpaka maji yapungue. Nimeona mtu mzima na baskeli yake na tenga lake wanasukumwa mpaka kwenye mpunga, na maji yalikuwa ya magotini tu.

Na kuti. Upepo ukianza, usipite chini ya minazi ukiwa umeinamisha kichwa. Kuti bichi lina uzito, na nazi usiseme.

Kijana_wa_Machomane:

Ahsante sana mzee wangu. Hilo la mabonde sikulifikiria, na pale karibu na Ole kuna sehemu mbili tatu za namna hiyo. Nikuulize: nikiwa na mtoto, kubisha hodi nyumba ya watu nisiowajua kabisa, tena labda mume hayupo nyumbani, inakuwaje? Mie peke yangu nakaa barazani nje, naridhika. Mtoto akiwa amerowa na baridi, baraza haitoshi.

Mchuuzi_Tumbe:

Tafuta msikiti. Kila kijiji cha njia hiyo kina msikiti, na wakati wa mvua hukosi wazee wawili watatu ndani. Watoleeni salamu, jitambulishe ni mtoto wa nani na unakwenda kwa nani. Bibi yako Makangale atajulikana tu, Pemba haiwi kubwa hivyo. Wao ndio watakaokuongoza nyumba ya kumpasha mtoto moto.

Fundi_Jadida akajibu:

Mie ni fundi baskeli Wete, nijibu la breki kwa sababu ndilo lingekuumiza.

Phoenix yako ina rimu ya chuma iliyopakwa kromu. Kromu ikirowa ni kioo. Raba ya breki inabana, lakini baina yake na rimu pana utando wa maji, na mpaka utando ule ufutike, huna breki. Rimu za alumini, kama za baskeli nyingi za siku hizi za gia, zinashika vizuri zaidi mvuani. Kwa hiyo usishangae mdogo wako akisimama na wewe ukampita. Panga hivyo tangu mwanzo: yeye mbele, wewe nyuma, na nafasi ya kutosha baina yenu, kwa sababu wewe ndiye unayechelewa kusimama na wewe ndiye mwenye gunia.

Kuna namna ya kuziendesha breki za vyuma mvuani, na wazee wa samaki na wa mkaa wanaijua. Hungoji ukaihitaji. Kabla ya mteremko, ukiwa bado juu, unazibana kidogo kidogo, gurudumu lizunguke mara kadhaa huku raba inafuta maji. Utahisi zinaanza kushika. Hapo ndipo unapoanza kushuka, na huziachii tena mpaka chini. Unazishika kwa wepesi muda wote. Ukiziachia, rimu inarowa upya na unaanza moja. Tegemea ya nyuma zaidi, ya mbele isaidie tu. Mwili uweke nyuma kwenye siti. Na mteremko ule wa baada ya mashamba ya mipira, ukiwa na gunia na mvua inanyesha, shuka ukokote. Hakuna raba itakayokutosha pale.

Kabla ya safari, lete baskeli nitazame raba zote nne. Baskeli iliyokaa, raba zake hukauka zikawa ngumu na kung'aa usoni, hata ukiwa juani hazishiki. Nyengine zimevaliwa upande mmoja kwa sababu vyuma vimepinda. Nitazipanga zikae sawasawa na rimu, na rimu nitaisugua itoke mafuta na kutu. Ujue pia tope lenye mchanga linakula raba kwa siku moja kuliko mwezi mzima wa kiangazi, kwa hiyo chukua pea moja ya akiba na spana ya nati zake.

Tope la madigadi: legeza zile waya zinazoyashikilia, uyainue mpaka kidole kipite bila shida baina yake na tairi. Utarushiwa maji mgongoni, lakini gurudumu litazunguka. Udongo wa huko Makangale ukiganda ni wa mfinyanzi hasa, na mtoto hana nguvu ya kuuchokoa njia nzima. Upepo wa tairi punguza kidogo ukifika kwenye udongo, usiufanye mwingi, na pampu uwe nayo ya kurejeshea.

Kama unatumia taa ya dainamo inayosuguana na tairi, usiitegemee. Tairi likirowa dainamo inateleza na taa inafifia wakati ule ule unapoitaka. Chukua tochi, mbili kama zipo.

Ukifika, hata kama umechoka, ipindue baskeli kichwa chini maji yatoke, futa mnyororo kwa kitambaa kikavu na utie mafuta ya cherehani. Ukilala nayo hivyo hivyo, asubuhi mnyororo utakuwa mwekundu, na safari ya kurudi utaisikia magotini.

Mpita_njia_tu:

Ngojeni kaskazi itulie, Januari mwende kukavu. Haraka ya nini?

Mwalimu_wa_Jiografia akajibu:

Mpita njia, Januari skuli zinafunguliwa, na likizo ya mtoto huyu ndiyo hii inayokuja. Tena kaskazi itawapiga usoni njia nzima ya kwenda. Upepo mzuri wa kwenda kaskazini ni wa kusi, kuanzia Juni, unakusukuma mgongoni, ila unarudi nao mbele. Kipindi hiki cha maleleji, baina ya kusi na kaskazi, upepo ni mdogo, na hapo ndipo palipo siri ya mvua iliyomkuta kijana wetu. Upepo mkubwa ukiwa haupo, jua linaipasha ardhi ya kisiwa, pepo za baharini zinaingia kutoka pande zote mbili, zinakutana katikati, hewa inapanda na wingu linajengeka hapo hapo juu yetu. Ndiyo maana asubuhi huoni kitu. Halikutoka mbali ukaliona likija siku mbili kabla. Limezaliwa mchana ule ule.

Hii ni tofauti na tufani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, vyombo vya baharini vikazuiliwa, kikaingia Mafia tarehe 4. Jambo la namna hiyo linatangazwa na mtu hana sababu ya kuwa njiani. Na yanatokea kweli kwetu, ingawa ni nadra: Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na minazi, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kikawa cha karafuu hasa. Kwa hiyo kila siku ya safari sikilizeni utabiri asubuhi. Pakiwa na tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali, msitoke. Pasipokuwa na tahadhari, bado mnaweza kukutana na wingu la mchana, na hilo mtalipima kwa macho na masikio.

Masikio nakusudia hivi. Ukiona mwanga wa umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikifika chini ya sekunde 30, radi imeshakuwa karibu ya kutosha kukupiga, hata kama mvua haijaanza. Muwe mmeshaingia ndani. Na baada ya ngurumo ya mwisho, subirini nusu saa kamili kabla ya kutoka. Watu wengi hupigwa wakati wanadhani imekwisha. Mfundishe mtoto ahesabu yeye mwenyewe. Wanafunzi wangu wa umri huo hulishika hilo kwa siku moja, na akiwa na kazi ya kufanya, hofu inapungua.

Pa kuingia ni nyumba hasa, ya mawe au matofali, au ndani ya gari lililofungwa lenye bodi la chuma. Kibanda cha makuti kilicho wazi pembeni kinazuia mvua, hakizuii radi. Chini ya mnazi, mvule au mkarafuu mrefu uliosimama peke yake ni mahali pabaya kuliko kubaki njiani. Tairi za mpira hazimkingi mtu, nimeulizwa hilo mara nyingi. Kama nyumba hakuna kabisa, iacheni baskeli, nendeni mbali nayo, tafuteni sehemu ya chini yenye vichaka vya kimo kimoja, mchutame miguu pamoja, msilale chini. Na hili ni gumu kwa mtu na mdogo wake: msikumbatiane. Kaeni mbalimbali, hatua kumi au zaidi, ili radi ikimpata mmoja, mwengine abaki mzima wa kumsaidia. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, unaweza kumshika mara moja. Kama hapumui, anza kumpulizia na kumkandamiza kifua, na ita watu.

Binti_Makangale akajibu:

Kaka, mie ni wa huko huko unakokwenda, na nimefurahi umetaja wale waliokuwa wanaanua. Familia yetu ina mikarafuu. Watu wengi wa baskeli na pikipiki wanapita juu ya karafuu zilizotandazwa pembeni mwa barabara wakadhani ni majani. Mfundishe mdogo wako kuzunguka, na kama nafasi ni ndogo, ashuke. Zile ni ada za skuli za watu.

Mzee wa Tumbe amesema vizuri, ila mie kwenye suala la msitu naongeza ukali. Ndani ya Ngezi mivule na mipapindi imefunga juu, kiza kinaingia mapema kuliko nje, hata siku ya jua. Jua letu wakati huu linazama saa kumi na mbili na robo na kitu, basi mie hesabu yangu ni kwamba saa tisa ikishapita sianzi msitu kwa baskeli. Ukifika kwenye geti la msitu, pana jengo na mara nyingi pana watu. Simameni pale, waulizeni njia ndani ikoje, pana mti ulioanguka au hapana. Wao wanajua kuliko sote tulio humu. Wakikwambieni ngojeni, ngojeni.

La nguo hakuna aliyeligusa, na ulisema mwenyewe ulitetemeka. Fulana ya pamba ikirowa inakaa na maji yake, na upepo wa baskeli unamaliza kazi. Mtoto anapoa haraka kuliko wewe. Kila mmoja awe na nguo moja kavu kamili, na kanga mbili, kwenye kopo la plastiki la mfuniko kama ile ndoo ya dawa. Mifuko ya plastiki tumepigwa marufuku na ilikuwa haihimili hata hivyo. Mkisimama mahali pa paa, kwanza mvueni ya maji, mfungeni kanga kavu, ndipo mtafute chai. Ukimpa chai na nguo ya maji bado iko mwilini, hujafanya kitu. Simu na hela za akiba nazo ziingie kwenye kopo.

Na mpe kitu cha kula cha mkononi. Boflo, ndizi, kashata. Mtoto mwenye njaa ndiye anayelia mvuani.

Sijasahau gari. Sikwambii uipande, lakini iweke kwenye maelezo ya mama. Zile chai maharage, gari zetu za abiria, zinabeba baskeli juu ya paa ukielewana na utingo kabla hamjapakia. Mkikwama kabla ya Konde, hiyo ni njia ya kurudi nyumbani ya heshima kabisa. Beba nauli ya watu wawili na baskeli mbili na usiiguse kwa jambo jengine.

Kijana_wa_Machomane:

Mola akulipeni kheri nyote. Nimekaa na mama jana usiku, nikamsomea kila jibu, mengine akanirejesha nyuma nisome mara ya pili. Tumeafikiana hivi.

Tunatoka baada ya alfajiri, dawa na vitu vyote vimefungwa usiku. Mzigo wote kwangu, dogo abebe kopo la nguo zake tu. Yeye mbele, mie nyuma. Bondeni penye maji juu ya barabara tunasimama. Konde kabla ya saa tano tunaendelea, baina ya saa tano na saa saba tunatazama watu wa majamvi na kuuliza, baada ya saa saba tunalala. Kuna shangazi yake mama, yuko Konde, ambaye mie sikuwa namfahamu. Mama ameshampigia simu, na amesema hata mvua isiponyesha tusipite bila ya kumwona. Saa tisa ndiyo mwisho wa kuingia Ngezi, bila ya mjadala. Sekunde 30 dogo amezishika tangu jana, anahesabu hata taa ya jirani ikiwaka na kuzima.

Alichokikataa mama ni kimoja: hilo la mie kukaa mbali na mtoto wakati wa radi. Nimemweleza sababu aliyoitoa Mwalimu, akanyamaza, kisha akasema basi hakikisheni hamfiki hapo, muwe ndani ya nyumba ya mtu kabla. Nimelichukua hivyo. Ngurumo ya kwanza tukiisikia, nyumba ya kwanza tunabisha hodi.

Fundi, baskeli mbili nakuletea Jumatano kwa gari ya asubuhi, yangu na ya dogo. Yake ina breki za waya na waya wa nyuma umeanza kuota kutu. Niandikie raba nne za Phoenix, waya wa breki na kazi yako jumla ni kiasi gani, nije na hela kamili. Na kama unazo zile spana ndogo za nati za breki, niwekee moja.